Krimu ya Mwajuma

Bi Kidawa alizikwa Jumanne, na mpaka Alhamisi wanawake walikuwa bado wamejaa uani kwake, Mtaa wa Sikukuu, wanakula wali wa msiba na kumsifu marehemu. "Mikono ile, jamani!" akasema mmoja. "Mwari akishapita mikononi mwa Bi Kidawa, hata mama yake mzazi anamsahau sura." Mimi nilikaa mkekani na magoti yangu mabovu, nikatikisa kichwa kukubali kila aliposifiwa, kwa sababu marehemu husifiwa na mimi sikwenda pale kuharibu shughuli ya watu. Ndipo binti mmoja, simu mkononi, nyusi kazichora kwa kalamu, akanisogelea. "Shikamoo bibi. Eti mama anasema wewe ndiye uliyekuwa unamkorogea Bi Kidawa dawa za maharusi? Anasema siku hizi hakuna kitu kama kile." Nikamwambia ni zamani sana, mwanangu, nimesahau. Nimesema uongo mwingi maishani, mwingi wake wa adabu tu, lakini baada ya ule niliisogeza sahani ya wali pembeni. Sijasahau hata kijiko kimoja. Nimefundisha kemia sekondari miaka thelathini na moja, nimesahau majina ya wanafunzi, nimesahau hata nilipoweka miwani asubuhi hii, lakini kipimo cha krimu ile naweza kukitaja usingizini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne. Nani alinileta mjini na kwa nini, hayo nayaacha. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani kwa Bi Kidawa, upande mmoja choo, upande wa pili jiko, kwa hiyo nilijua nani kala nini na nani kimemkataa. Yeye alikuwa somo. Wasichana wa Kariakoo na Ilala walipokaribia kuolewa waliletwa kwake, akawafunda, akawaweka ndani wasionekane na mtu, akawasugua singo na kuwapaka liwa aliyoisaga mwenyewe kwa maji ya waridi, mpaka siku ya kuwatoa. Chumba cha wari kilikuwa cha pili kulia ukiingia kutoka barazani. Dirisha lake lilizibwa kwa kanga mbili, na ndani mlikuwa na kitanda cha besera, mkeka, na harufu ya udi iliyoganda ukutani hata pasipokuwa na mwari. Kuna siku nilikuwa naingia mle peke yangu kunusa tu.

Ulikuwa mwaka wa foleni. Ukisikia duka la ushirika limeleta sabuni unaacha chungu motoni unakimbia, na ukifika unakuta mstari umepinda kona, wengine wameweka mawe na kandambili kushika nafasi zao. Tulifulia majani ya mpapai. Ugali ulikuwa wa unga wa njano, tuliouita yanga, kwa dagaa waliojaa mchanga, na chai tuliinywa kwa tende moja iliyogawanywa mara mbili. Mafuta ya kupaka hayakuwepo kabisa. Watu walipauka, watoto wakachanika midomo, na mwanamke aliyeonekana kang'aa aliulizwa kapata wapi, tena kwa sauti ya kumshtaki, maana msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto na jirani akikuona na kopo la kigeni hujui atalisema wapi. Bi Kidawa alilalamika kila jioni akiwa anachambua mchicha. Liwa ilikuwa imeadimika, maji ya waridi yaliletwa kwa chupa ndogo kutoka Unguja, na wari walikuwa wanatoka chumbani kwake wakiwa vilevile walivyoingia. "Nitaaibika, Mwajuma," alikuwa akiniambia. "Watu wataanza kusema mkono wangu umekufa."

Mchana nilifanya kazi katika duka la dawa Mchafukoge, kwa mzee wa Kihindi ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Dawa. Rafu zake zilikuwa karibu tupu, akayapanga makopo matupu mbele ili duka lisionekane limekufa. Kwa kuwa hapakuwa na cha kuuza, alinifundisha kutengeneza. Tulianza na krimu ya kawaida: nta ya nyuki, mafuta ya nazi, maji ya waridi na boraksi, chumvi ya dukani, kidogo. Mafuta na maji havipatani, hilo nililijua tangu kidato cha pili. Lakini ukiyeyusha nta ndani ya mafuta, ukayeyusha boraksi ndani ya maji, vyote viwili vikawa na joto moja, kisha ukamimina maji polepole huku unakoroga upande mmoja bila kusimama, kuna dakika inafika ambapo uchafu ule wa manjano unageuka ghafla kuwa mweupe, mzito, unashikana na kijiko. "Usikimbize mkono," Babu Dawa alisema. "Ukikimbiza, vinaachana, na vikiachana havirudiani." Mara ya tatu nilipoipata nilicheka peke yangu kama mwehu. Shuleni nilikuwa nimekariri. Siku ile kwa mara ya kwanza niliona kwamba yale niliyokariri yanafanya kitu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na inaniuma kuikumbuka, kwa sababu yaliyofuata yalianzia pale.

Niliporudi nayo nyumbani, Bi Kidawa aliipaka mgongoni mwa kiganja, akanusa. "Hii umetengeneza wewe?" Nikasema ndiyo. "Kwa mikono hii?" Nikasema ndiyo, mama. Akainuka akafunga mlango wa uani. Wiki mbili hazikupita, wanawake walikuwa wanapita kwa mlango wa nyuma na vichupa vyao chini ya kanga, wakiuliza krimu ya Mwajuma. Nilivimba kichwa, sitaficha. Niliacha hata kuosha vyombo, na Bi Kidawa, ambaye hakuwahi kumsamehe mtu sufuria chafu, aliviosha yeye.

Saada alikaa nyumba ya tatu kutoka yetu na mama yake, fundi cherehani. Alikuwa amenipita mwaka mmoja, mcheshi, mwongo wa vitu vidogovidogo, na usiku wa joto alikuja kulala mkekani kwangu tukasengenya mpaka tukasinzia katikati ya jina la mtu. Alikuwa ameposwa na kijana wa Tanga, karani wa reli, aliyempenda kwa picha. Picha ilipigwa studio, poda imejaa usoni na taa zimewashwa pande zote, basi Saada alitoka mweupe kuliko alivyo. Mama mkwe alipokuja kumwona, Saada alimwamkia, kisha tukajibanza nyuma ya pazia kusikiliza. Alikunywa chai, akauliza hali, akasifu mshono wa kanzu. Kisha tukamsikia akimwambia mwanamke aliyekuja naye, pole tu, bila chuki, "Mtoto mzuri. Ila kwenye picha alikuwa na nuru zaidi." Saada alinitazama. Hakulia, alicheka, akanifinya mkono kwa nguvu. Usiku akaniambia, "Mwajuma, wewe una akili za shule. Nitengenezee krimu ya kunitoa kama picha."

Nilijua pa kuanzia. Rafu ya juu kabisa, nyuma, Babu Dawa alikuwa na chupa ya kahawia yenye unga mweupe wa zebaki, masalio ya miaka ambayo madaktari waliandika malhamu zikachanganywa dukani. Nilipomuuliza alisema, "Hiyo ya mapunye. Siku tatu, unaacha. Na wewe mwenyewe unanawa mikono." Lakini kitabu chake cha zamani cha kanuni, kilichokuwa kinaanguka kurasa, kilisema pia kwamba unga ule ukitiwa kidogo ndani ya krimu huondoa madoa na kuing'arisha ngozi. Nikaamini kitabu upande ulionipendeza. Nilichota kijiko kimoja cha chai nikakifunga kwenye karatasi ya daftari. Unga ulichanganyika ndani ya krimu yangu bila chembe hata moja, laini, mweupe, na nikajiona mtaalamu. Siku hizi wanauita mkorogo, na wasichana wangu wa kidato cha tatu walikuwa wakicheka nikikasirika juu yake. Walidhani ni ukali wa kilokole, na mimi ni Mwislamu.

Masika hayajaisha, Saada alikuwa anang'aa. Si utani, ilifanya kazi, na hilo ndilo lililotumaliza. Kwanza mashavu, halafu shingo, halafu akataka mwili mzima, na kijiko kikawa viwili, vikawa vitatu, mwisho nikaibeba chupa nzima. Bi Kidawa alipoona aliuliza nimetia nini. Nikamwambia ni unga wa dawa kutoka dukani. "Una madhara?" Nikajibu, na nakumbuka nilikuwa natafuna tende wakati nasema, "Hauna, mama. Ni wa hospitali." Kwake neno hospitali lilitosha. Ulipofika wakati akamwingiza Saada chumbani, siku arobaini kwa desturi ya zamani, na akampaka krimu yangu asubuhi na jioni, chini ya liwa, ili ngozi inywe vizuri.

Katika juma la pili la siku zile pete ya uchumba iligeuka rangi. Ilikuwa ya dhahabu, imeletwa kutoka Tanga kwenye kiboksi cha mahameli, na asubuhi moja ikawa na mabaka meupe ya kijivu kama bati. Bi Kidawa aliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akasonya. "Shaba iliyopakwa! Wametuletea shaba!" Mama Saada alilia kwa aibu. Akatumwa mjomba Tanga na maneno makali, mama mkwe akaja na risiti ya sonara na maneno makali zaidi, watu wazima wakakaa ukumbini kutwa nzima wakitukanana kwa heshima, na harusi ikabaki imening'inia. Mimi nilikuwa napitisha kahawa. Mwalimu wetu wa kemia alitukataza kushika zebaki na pete mkononi, kwa kuwa zebaki huila dhahabu na kuifanya nyeupe. Nilisimama na birika kati ya familia mbili zinazovunjiana heshima, jibu ninalo mdomoni, na nikauliza nani hajapata kahawa. Nilijiambia kwamba ikila dhahabu haina maana inakula mtu.

Walipatana mwishoni, sonara mmoja wa mjini akaisafisha pete kwa moto ikarudi njano, na kila mtu akaona haya. Saada alirudi kitandani. Na sasa akaanza kunenepa. Desturi ya ndani ni hiyo: mwari anakula, analala, anasuguliwa, ili atoke amejaa. Bi Kidawa alikuwa anampa uji wa mtama na samli aliyoitafuta kwa taabu, na mashavu yalipoumuka alifurahi mno. Wanawake wa mtaa waliruhusiwa kuchungulia mlangoni. "Mashallah, amenawiri! Tazama miguu!" Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza, kidole kiliacha shimo, na shimo lilikaa. Saada alinionyesha akicheka, akasema amekuwa unga wa maandazi. Siku ya pili yake hakucheka. Aliniambia mkojo wake una povu, na asubuhi macho hayafunguki. Nikamwambia ni joto la chumbani. Nikamwambia anywe maji. Nilikuwa naogopa sana, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuongea kama daktari.

Alianguka siku ya thelathini na moja, akiwa anainuka kusali. Tukampeleka hospitali kwa gari la kukodi lililosukumwa mara mbili njiani. Daktari alikuwa kijana, mchovu, kalamu yake imefungwa kwa uzi kwenye kifungo. Alibonyeza miguu, akapima mkojo, akarudi na kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Tulikuwa watatu pale: Bi Kidawa, Mama Saada na mimi. "Figo zinavuja," akasema. "Binti mdogo, hana ugonjwa wa zamani. Nauliza na nataka ukweli. Kuna dawa yoyote anakunywa? Kuna kitu anapaka? Kama kipo, kikisimamishwa leo figo zinaweza kurudi." Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na daktari. Bi Kidawa akanishika kiwiko, kucha zikaingia. "Liwa tu, daktari," akasema. "Ni mwari. Liwa na maji ya waridi, mila yetu." Daktari akanitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilivaa gauni la shule lililobaki. "Ni kweli?" Nikasema, "Ndiyo. Liwa tu." Akaandika. "Liwa haina neno," akasema, "kama inamfariji, mpakeni."

Kwenye korido Bi Kidawa alinisukumia ukutani. "Ungefungua mdomo tungelala lupango leo. Mimi, wewe, na yule mzee wako wa Kihindi. Unataka afe jela kwa unga wako?" Sikuwahi kumwona anaogopa, na hofu yake ilinipa ruhusa ya kuendelea na yangu. Nikajifariji kwa hesabu niliyoifanya usiku uleule: Saada yuko wodini, krimu iko nyumbani, basi imeshasimama yenyewe. Daktari hana haja ya kujua. Zebaki itatoka mwilini siku kwa siku, Saada atapona, na kosa langu litakufa bila jina. Kesho yake nilimwaga chungu kizima cha krimu chooni, nikarudisha chupa ya kahawia rafuni, nikanawa mikono mpaka vidole vikakunjamana.

Siku ishirini na tatu nilikwenda wodini kila jioni nikisubiri apone. Nilikuwa namtazama miguu kabla ya kumtazama uso. Siku moja uvimbe ulipungua, nikanunua machungwa mawili kwa mshahara wa siku nzima, tukala pamoja, naye akaniuliza kama karani bado anamtaka. Nikamwambia ameleta barua. Haikuwa kweli. Siku iliyofuata ulirudi, mpaka kope zikang'aa kwa maji. Daktari hakuelewa, akabadilisha dawa, akabadilisha tena, akaniambia mlangoni, "Kuna kitu hakiachi." Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Namwapia Mungu nilikuwa nimeufungua. Lakini krimu nilishaimwaga, nikaona kusema sasa ni kujichongea bure, nikaufunga. Siku ya harusi ilipita akiwa na mpira wa maji mkononi. Homa ikamwingia, kifua kikabana, na Ijumaa alfajiri akafa.

Tulimwosha nyumbani, katika chumba kilekile cha wari, dirisha lilelile limezibwa. Bi Kidawa ndiye aliyeongoza, Mama Saada alishika kichwa, mimi nilimimina maji. Tulikuwa tunasoma dua. Mama Saada aliupitisha mkono wake shavuni kwa mwanawe, taratibu, na akaanza kuongea na mimi kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba tunachambua mchele.

"Angalia alivyo laini, Mwajuma. Sikumwacha apauke. Kile kichupa ulichomjazia kabla hajaugua, nilikwenda nacho wodini. Nilimpaka kila siku, asubuhi na jioni, uso na mwili, mpaka jana. Alikuwa analia kwamba rangi inarudi, nikamwambia nyamaza, mama yupo. Ninyi mlisema ni liwa tu, na daktari si alisema haina neno? Si wewe ulikuwepo?"

Kata ilikuwa mkononi mwangu, imejaa. Bi Kidawa hakuinua macho. Mama Saada alikuwa ananitazama, anasubiri nimwambie kwamba alimtunza mwanawe vizuri, na nilichokuwa nacho cha kumwambia kilikuwa kwamba amemuua kwa mikono yake, mara mbili kwa siku, kwa neno langu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Nilikuwepo. Ulimtunza."

Mama Saada aliishi miaka ishirini na sita baada ya pale. Kila Idi alinishonea gauni na hakukubali nilipe, kwa sababu, alisema, mimi ndiye rafiki aliyekuja wodini kila siku. Niliyavaa yote.